Mjomba Tu: Nilivyomtafutia Lusungu Chuo Kusini

Mmeniuliza mmoja mmoja, kila mtu akijifanya ameleta suruali ya kupunguza. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku nimeshika mkasi, halafu kipande kikifika sokoni kimeshaota mkia. Kwa hiyo naandika mara moja, msome, mpokezane. Mnataka kujua kwa nini nilikwenda kusini na mtoto wa dada yangu nikarudi peke yangu, na kwa nini dada yangu leo analala kwenye chumba nilichokuwa naweka vitambaa. Jibu ni moja kwa yote mawili.

Lusungu mnamjua. Baba yake alipofariki alibaki chini ya baba yake mkubwa, Baba Nuru, kama ilivyo desturi yetu. Kwetu mtoto ni wa upande wa baba. Sisi wa upande wa mama ni wageni wa heshima. Tunapewa kiti, tunapewa ugali wa moto, neno hatuulizwi. Lusungu alimaliza kidato cha nne, hakupangiwa popote. Lakini hii ni miaka ya ruksa, kila kitu kimefunguliwa. Mitumba imeingia ikanimaliza mimi na cherehani yangu, na vyuo navyo vinaota kama uyoga. Akasikia kwamba kusini kuna vyuo viwili vinapokea wasichana wa mikoa yote, kimoja Masasi mjini, kingine juu Newala.

Baba Nuru alikuwa na lake. Kuna mtu wa mbao wa Makambako alikwisha leta posa. Ila Baba Nuru hataki kuonekana mbaya, hilo nalo mnalijua. Akaniita nyuma ya jiko lake akasema, "Mpeleke akaone. Wewe anakuamini. Ukifika tafuta kasoro, hakuna chuo kisicho na kasoro. Mwambie hapafai, mrudi, yaishe. Dada yako analima shamba letu. Sitaki tufike mbali."

Nilikubali. Naliandika hilo wazi ili msije mkaniona shujaa. Dada yangu hakuwa na pengine pa kulima, na mimi niliogopa.

Njombe hadi Tunduru

Mpaka Songea hakuna la kusimulia, ila mzigo wa Lusungu. Mtu anakwenda kutazama chuo, amebeba mashuka mawili, blanketi, sufuria na ndoo mpya ya bati. Nikamuuliza, "Ndoo ya nini?"

"Ya maji, Mjomba."

"Huko unakokwenda hawana ndoo?"

"Sijui. Ndiyo maana nimebeba yangu."

Kila nilipoitazama ile ndoo moyo uliniuma, maana mimi nilijua inarudi na yeye hakujua. Ndivyo nilivyofikiri wakati huo.

Songea tulipanda lori la maharage. Mbele kidogo ya Namtumbo springi ikakatika, tukakaa kijijini siku mbili tukingoja nyingine itoke Songea kwa baiskeli. Tulikula mahindi ya kuchoma mpaka taya zikauma. Abiria mwenzetu mmoja, mzee wa Kiyao aliyekuwa anarudi kwake Tunduru, alikuwa na kahawa kwenye chupa na alitugawia bila kuombwa. Siku ya pili ndipo aliponiuliza, "Huyu ni binti yako?"

"Hapana, mzee. Mimi ni mjomba wake tu."

Akaacha kunywa. "Tu?"

"Ndiyo. Mjomba tu."

Akamgeukia Lusungu, kisha akanitazama mimi tena, kama mtu aliyesikia fundi akisema sindano haina kazi kwenye kushona. Nikadhani mzee ana masikio mabovu.

Tunduru hadi Masasi

Njia hii ni mchanga. Gari likizama, wanaume tunashuka kusukuma, wanawake wanatangulia kwa miguu, nasi tunawakuta mbele tukiwa tumechoka tayari. Tulizama mara nne kabla ya Mangaka. Mara ya tatu nilikalia mzizi nikajisemea kwamba heri kasoro ianzie hapa hapa barabarani, nigeuze. Lakini Lusungu alikuwa mbele na akina mama, ndoo kichwani, anaulizwa habari za kwetu na kuwajibu. Wanawake wale walikuwa wanamcheka anavyosema, naye anacheka nao.

Tukafika Masasi mchana, ile milima ya mawe imesimama juu ya mji. Ulikuwa msimu wa korosho. Wanunuzi binafsi wameshaingia, kila kona mizani, magunia, na watu wanaobishana juu ya mizani. Kabla sijakanyaga chini kijana wa stendi akanishika begi. "Njomba, nzigo wako huu?"

Nilishtuka. Nikamwuliza Lusungu, "Umemwambia nani kwamba mimi ni mjomba wako?"

"Sijamwambia mtu."

Hatua kumi mbele, mwuza karanga: "Njomba, karibu." Mlangoni pa nyumba ya wageni: "Njomba, chumba kipo." Nikaanza kukasirika. Nilidhani yule mzee wa Tunduru ametuma habari zikatutangulia, ili mji mzima unitanie. Ilibidi mwenye nyumba anieleze kwamba huku kila mwanaume huitwa hivyo kwa heshima, na kwamba ulimi wa huku umezoea kusema n pale sisi tunaposema m.

"Kwa nini mjomba, kwa nini si baba?" nikamwuliza.

Akafikiri kidogo. "Baba si mtu wa heshima sana," alisema, akaenda kuniletea maji ya kuoga.

Masasi, chuo cha kwanza

Jina lake siliandiki, huenda kimeshabadilika. Kilikuwa kwenye ghala la korosho lililopakwa rangi, harufu ya magunia bado imo. Mkuu wake alivaa tai, akatuonyesha mashine za kupiga chapa zilizofunikwa kwa plastiki. Zilikuwa nyingi. Hakuna aliyekuwa akizitumia.

Alitukaribisha vizuri, siwezi kumsingizia. Akamwacha Lusungu akae na wanafunzi nusu siku aone maisha ya chuo. Mimi nilikaa nje kwenye kivuli cha ukuta. Niliwaona wakitoka kula. Yeye alisimama katikati na ndoo yake, kwa kuwa hakuambiwa pa kuiweka. Aliamkia, "Kamwene," likamtoka kwa mazoea, kisha akajirekebisha kwa Kiswahili. Msichana mmoja akaliiga lile neno, wenzake wakatabasamu, wakaendelea na mazungumzo yao. Hawakumtukana. Walikuwa wa mji, wametoka Mtwara na Lindi na Dar es Salaam, wana viatu vizuri vya mitumba na makundi yao. Lusungu alikula amesimama.

Jioni nilimwuliza, "Umekionaje?"

"Wanajua mambo mengi," alisema. "Hakuna aliyeniuliza jina."

Basi hapo ningeweza kumaliza kazi yangu. Kasoro ilikuwepo, ya kweli, sikuhitaji hata kusema uongo. Nilifungua mdomo nikasema, "Hapafai, mwanangu." Na kweli hapakumfaa.

"Ndiyo," alisema. "Bado kimoja, Mjomba."

Tukala ugali wa muhogo na mbaazi. Ule ugali unavutika. Mara ya kwanza nilidhani haujaiva nikauacha kando kwa adabu. Mwenye nyumba akadhani nimeshiba, akautoa. Nililala na njaa kwa ujinga wangu.

Chiungutwa

Gari la Newala lilikuwa na magunia kuliko watu. Lilipofika Chiungutwa gurudumu la nyuma likachomoka, likatupita, likaenda kusimama peke yake kwenye mikorosho. Dereva akatazama akasema tu, "Haya." Tukajua ni kukaa.

Mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo ya kuchemsha barabarani, Mama Bakari, alitutolea mkeka. Lusungu akampa shikamoo akipiga goti kidogo kama tunavyofanya kwetu. "Marahaba, mwanangu." Kule kupiga goti kulimfurahisha yule mama, akatuongezea mihogo. Akauliza tunakotoka, na mimi ni nani kwake.

"Mjomba wake."

"Aa." Akakaa sawasawa, akanitazama usoni. "Njomba, huyu amechezwa?"

"Anacheza," nikasema. "Netiboli. Shuleni alikuwa mlinzi wa goli."

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akashika mti. Mama Bakari hakucheka. "Si kucheza, njomba. Kuchezwa. Umemcheza, au bado?"

Jamani, nilisimama. Nilimwambia, "Mama, nakuheshimu. Mimi nina mke na watoto. Swali hilo kwetu mtu huuliza mara moja tu, maana hana tena meno ya kuuliza mara ya pili." Nikachukua begi. "Lusungu, simama, tunatembea."

"Kwenda wapi, Mjomba? Gari halina gurudumu."

Nikaenda kukaa peke yangu juani kwa hasira. Na hapo, niwaambie ukweli, ndani ya hasira kulikuwa na furaha ndogo mbaya. Nilikuwa nimepata. Ningerudi nimwambie Baba Nuru, hata dada yangu mwenyewe, kwamba watu wa kule wana maneno machafu mbele ya watoto. Nani angebisha?

Baada ya muda Mama Bakari alinifuata na sahani. Akachuchumaa mbali kidogo, kama mtu anayemwendea mbwa asiyemjua.

"Njomba, binti yako amenieleza ulivyosikia. Nisamehe. Huku kuchezwa ni kufundwa. Ntoto wa kike akikua anaingia unyagoni, anafundishwa utu uzima. Anayesema aingie ni mjomba wake. Ndiyo nikakuuliza wewe. Ningemuuliza nani, baba yake?"

Alilitaja neno baba kama sisi tunavyomtaja jirani wa mtaa wa pili.

"Na mjomba akikataa?"

"Amekataa. Nani atabisha?"

"Hata kuolewa?"

"Kuolewa!" alisema. "Barua ya posa inakwenda kwa nani, njomba?"

Nilikula ile mihogo bila kuisikia ladha. Nilikumbuka posa ya Lusungu, nilivyopewa habari yake nimesimama mlangoni, kofia mkononi, baada ya watu kwisha kula. Mtoto niliyemshonea nguo za ubatizo. Aibu ilinishika, na safari hii haikuwa ya yale matusi ambayo hayakuwa matusi.

Kupanda Newala

Gurudumu lilirudishwa kesho yake kwa misumari na dua. Njia ikaanza kupanda kuta za mwinuko wa Newala, gari likilalamika, na kila kona tuliona bonde limebaki chini zaidi. Juu kuna upepo. Lusungu akafungua kinywa akauvuta, akasema unakaribia wa kwetu. Mabibo yalikuwa yameanguka kila mahali chini ya mikorosho, harufu yake tamu mpaka inaumiza kichwa.

Kitu kimoja tu hakipo huko juu, maji. Kwetu mto uko nyuma ya kila nyumba mpaka tunaulaani. Newala niliona foleni ya ndoo kwenye bomba kavu, ndoo zimepangwa zenyewe, wenyewe wamekwenda shamba. Nilingoja nione nani ataruka zamu. Hakuna aliyeruka.

Makote, chuo cha pili

Chuo chenyewe kilikuwa upande wa Makote, kidogo, cha uuguzi wa vijijini. Majengo matatu ya bati na tangi moja la maji ya mvua ambalo kiangazi kile lilikuwa linapigwa likaitika tupu. Kasoro zilikuwepo za kujaza gunia. Vitanda havitoshi. Ugali ule ule wa muhogo. Vitabu vinasomwa na watu watatu watatu.

Tulipoingia uwanjani msichana mmoja mrefu, mwenye ushungi, alimjia Lusungu, akachukua ile ndoo ya bati mkononi mwake bila neno. Nikataka kupiga kelele. Akaingia nayo bwenini, akatoka nayo ina maji nusu. Amegawa ya kwake. Hapo ndipo aliposema, "Mimi Somoe. Wewe unaitwaje?"

"Lusungu."

"Maana yake?"

"Huruma."

"Karibu, Huruma."

Lusungu akashukuru, akavua viatu, akaosha miguu. Vumbi la siku kumi, mnalielewa. Akaosha vizuri kama anavyoosha mtu wa kwetu, mpaka magoti, ndoo ikabaki tupu. Aliponyanyua uso wasichana wote walikuwa wamenyamaza. Yalikuwa maji ya Somoe ya kupikia, kunywa na kuoga mpaka kesho.

Mtoto aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka. Mimi nikaona, loo, limekwisha lenyewe. Lakini Somoe alikwenda kuleta robo nyingine kwa mwenzake mwenye msalaba shingoni, akamimina, akasema, "Miguu imekuwa safi. Kesho tunashuka bondeni wote, utanilipa kwa kichwa."

Asubuhi walishuka. Kisima kipo chini kabisa ya mwinuko, kupanda kwake hata mbuzi anapumzika. Nilisimama juu nikingoja. Wa kwanza kutokea alikuwa Lusungu. Ndoo imejaa, mkono haukuishika, hakuna tone lililomwagika. Kilima anakijua tangu tumboni. Wenzake nyuma wanahema wanamwita, "Huruma, tungoje!" Akawa anawangoja. Nilimwona akicheka, na sikuwa nimemwona hivyo tangu tumzike baba yake.

Saa nne mlezi wa wanafunzi, Mama Esta, mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliniita barazani. Lusungu alikaa juu ya ndoo yake iliyogeuzwa.

"Njomba, ntoto tumezungumza naye. Anataka kubaki. Sasa tunakusikiliza wewe."

"Ana baba yake mkubwa nyumbani," nikasema.

"Huyo atapata habari. Nakuuliza wewe."

"Mama, kwetu mimi si mtu wa kuulizwa. Mimi ni mjomba tu."

Akavua miwani. "Kuna mjomba tu? Huyu akiugua, nimwite nani? Akikosea, nimshitaki kwa nani? Bila neno lako simpokei. Ukisema arudi, arudi sasa hivi, sitakulaumu."

Neno langu lilikuwa tayari tangu Njombe. Hapafai. Nilikuwa nalo mdomoni siku zote zile. Niliwaza shamba la dada yangu, viazi vilivyokuwa ndiyo kwanza vinachomoza. Nikamtazama Lusungu anisaidie. Hakunitazama, alikuwa anatazama mikono yake. Katika maisha yangu sijawahi kuulizwa swali nikajua kwamba jibu langu ndilo litakalokuwa. Linaogopesha.

"Panafaa," nikasema. Sauti haikutoka vizuri, nikarudia. "Panafaa. Abaki."

"Haya," alisema Mama Esta akiinuka. "Njomba ameshasema."

Kurudi

Lusungu alinisindikiza mpaka kwenye gari. Akavua sweta lake akanipa. "Mpelekee Mama. Huku upepo ni wa kuvumilika." Nikalikunja. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kawaida, "Mjomba, siku ile nyuma ya jiko nilikuwa upande wa pili, nazoa majivu."

Mikono yangu iliacha kukunja. "Ulisikia?"

"Yote."

"Ukajua nakuleta ili nikurudishe. Na bado ukabeba ndoo?"

"Nilijua njia ni ndefu," alisema.

Nilipanda gari nikakaa juu ya magunia ya korosho, nikalia mpaka Chiungutwa, na Mama Bakari aliponiuzia mihogo hakuuliza kitu.

Nilifika Njombe siku ya soko. Baba Nuru alikuwa uwanjani kwake na yule mtu wa mbao, na dada yangu anawapa maji ya kunawa. Baba Nuru aliniona niko peke yangu, na sweta mkononi. Dada akaelewa kabla yake, akaweka birika chini.

"Yuko wapi?" Baba Nuru aliuliza.

"Amebaki. Anasoma."

"Nani amemruhusu?"

"Mimi."

Akasimama. Majirani walikwisha anza kujongea kwenye ua, na baadhi yenu mlikuwepo. "Wewe," alisema. "Wewe ni nani kwake?"

"Mjomba," nikasema.

Akangoja niongeze lile neno lingine, maana miaka yote nimekuwa nikiliongeza. Dada yangu naye alingoja, sweta limeshafika kifuani mwake. Sikuliongeza.